Kioo cha Kumtazamia Mkwe

Watu wa Kilangala walipotaka kumcheka Fakihi Likwata walianzia kwenye upupu. Asubuhi moja ya kiangazi alikuwa akitoka shambani, jembe begani, akamwona mwanamke mfupi anakuja mbele yake kwenye njia ya bondeni, ungo kichwani, kanga nyekundu iliyochujuka, mwendo wa haraka haraka wa mtu aliyeacha chungu motoni. Fakihi hakungoja. Alitupa jembe, akarukia kando ya njia na kugeuzia uso wake vichakani, kama inavyompasa mtu anayepishana na mama mkwe. Kichaka kile kilikuwa cha upupu. Mwanamke akapita, akamsalimu kwa mshangao, akaendelea na safari yake. Alikuwa mchuuzi wa chumvi kutoka Kiswere, wala hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale Kilangala. Fakihi alijikuna mpaka jioni.

"Mkwe wako yuko kwake anapepeta mpunga tangu alfajiri," rafiki yake Kornelio alimwambia. Kornelio alikuwa Mmakonde aliyeshuka kutoka uwanda wa juu, akiuza nguo na mafuta ya taa pale kijijini, na utani ulikuwa ndiyo sala yake ya kila siku. "Ungeuliza kwanza kabla ya kuoga upupu."

Cheka, lakini umwonee huruma. Katika ukoo wa mkewe, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, na mama mkwe hamtazami mkwe. Hawasalimiani ana kwa ana, hawali mahali pamoja, na wakiwa na neno la kuambiana humtafuta mtu wa katikati, hata kama wote wawili wanasikiana vizuri. Mwalimu wa chuo cha Kurani alishawaeleza zaidi ya mara moja kwamba dini haina neno, kwamba mama wa mke ni kama mama mzazi. Bi Mboni, mama mkwe mwenyewe, alimjibu kwa adabu kwamba yeye mwalimu si mkwe wake, kwa hiyo asisumbuke.

Basi Fakihi alikuwa amemwoa Mwanasha tangu kabla ya Uhuru, na uso wa mama yake Mwanasha hakuujua. Aliujua mgongo. Aliijua sauti yake, kavu na ya chini, ikitoka nyuma ya ukuta wa udongo. Alizijua dalili: ufupi, mwendo, kanga nyekundu. Na dalili, kama tulivyoona, zaweza kumtia mtu kwenye upupu.

Wala msidhani hawakupendana. Fakihi ndiye aliyemlimia Bi Mboni shamba la mpunga kila mwaka, na makuti ya paa lake yalifungwa na mikono yake. Bi Mboni naye hakuwahi kupika samaki wa nazi bila bakuli moja kuvuka ua kwenda kwa mkwe. Mwaka Fakihi alipougua homa mpaka akawa anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, Bi Mboni alihamishia mkeka wake upande wa pili wa ukuta, akawa anauliza kila mara, "Mwanasha, anapumua? Mwanasha, amekunywa uji?" Fakihi alisikia yote. Alilia kwa shukrani, akiwa ameelekea ukutani, kwa sababu huko ndiko alikokuwa mtu wa kumshukuru.

Sasa ilikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio, na mambo mawili yalikuja pamoja. La kwanza, mkutano wa kijiji ulikubaliana kwamba watu wa bondeni wapande kwenye barabara, wajenge nyumba kwa mistari, wawe na shamba la pamoja, zahanati na bomba la maji. Wengi walifurahi, wengine walinuna, na korosho zikishaokotwa wote wangehama. La pili lilikuwa macho ya Bi Mboni. Ukungu ulikuwa umeanza kuyafunika. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufungwa na mtoto wa jicho, na la kulia likawa linafuata nyuma taratibu. Hospitali hakutaka kwenda. Alisema kisu ni cha kuparia samaki.

Mwanasha alitaka picha ya mama yake. Aliitaka ipigwe ndani ya ukumbi wa nyumba ile ya bondeni alimozaliwa yeye, mama akiwa amekaa kitako kando ya mlango wake, kabla nyumba haijabaki kuwa kichuguu. Na mpiga picha wa Kilangala na vijiji vyote vya jirani alikuwa mmoja tu, naye ni Fakihi Likwata, mume wake, mtu pekee duniani asiyeruhusiwa kumtazama mwanamke yule.

Fakihi alikuwa na haja yake pia, ambayo hakumwambia mtu. Alitaka kumwona. Alihofia kwamba siku moja wangemwita azike, naye angesimama kaburini akimlilia mgongo.

Upigaji picha aliuanza Lindi mjini, kwenye studio ya Mzee Xaveri, Mgoa mpole mwenye masharubu meupe aliyezaliwa palepale Lindi. Fakihi aliingia kama mfagiaji, akapanda cheo akawa wa kuosha picha chumba cha giza, na mwaka wa Uhuru, watu walipojaa mlangoni wakiwa wameazima makoti na viatu ili wapigwe picha wakiwa huru, Mzee Xaveri akamkabidhi kamera kwa sababu hakuwa na mikono ya kutosha. Aliporudi Kilangala kwa mkewe, kwenye mikorosho ya baba yake, alirudi na kamera ya kisanduku aliyopewa kama zawadi. Ilikuwa na kidirisha cha kuchungulia kidogo kama tundu la kitasa. Nje, jua likiwaka, ilifaa. Ndani ya nyumba ukichungulia huoni kitu, unapiga kwa kumtegemea Mungu. Bwana harusi mmoja alitokea bila mke, kwa kuwa mke alikaa kwenye kivuli, na Fakihi alidhani kile kivuli ndicho yeye.

Mvua za masika ya mwaka ule wa kuhama zikaimaliza kamera ile. Ukungu ukaota kwenye lenzi, na picha zikawa zinatoka kana kwamba watu wote wa Lindi wamo kwenye moshi. Habari zikafika kwamba Mzee Xaveri anafunga studio, anamfuata bintiye Dar es Salaam, na kamera zake anaziuza. Fakihi alikuwa na fedha ya korosho. Aliaga, akapanda lori pamoja na Kornelio, ambaye alikuwa anakwenda kununua vitenge na hakutaka kukosa nafasi ya kutoa ushauri.

Studio ilikuwa nusu tupu. Pazia lenye mchoro wa bustani lilikuwa limekunjwa, ila kioo kirefu cha wateja kuchania nywele kilikuwa bado ukutani. Baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana habari za watoto, Mzee Xaveri aliweka kamera tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya fedha inayometa, inayoingia mfukoni. Kornelio aliinyakua kabla ya mwenye kununua. "Hii hapa! Ya kisasa. Likwata, ukitokea harusini na hii hata bwana harusi atakuonea wivu."

Fakihi aliipokea, akaiweka jichoni. Kidirisha chake kilikuwa kizuri, cheupe, safi. Aliielekeza huku na huku mpaka ikatazama kioo cha ukutani, na humo akajiona mwenyewe: jicho moja limefumbwa, shavu limepanda, mdomo umekwenda upande. Alisita.

"Kornelio, nitazame. Nafanana na nini?"

"Nikuambie kweli? Unafanana na mtu anayemkonyeza msichana kwenye ngoma."

Fakihi aliishusha ile kamera mezani kama kaa la moto. Kumkonyeza mama mkwe! Ndani ya nyumba yake, mbele ya bintiye! Hata kama mila ingemsamehe, Kornelio asingemsamehe; hadithi ya upupu ingekuwa cha mtoto.

"Si lazima ufumbe," alisema Mzee Xaveri. "Waweza kuacha macho yote mawili wazi."

"Hapo ndipo pabaya zaidi, mzee wangu. Jicho moja kwenye kamera, jingine kwa mkwe."

Ikabidi aeleze. Mzee Xaveri alimsikiliza kwa makini, maana alikaa pwani hii maisha yake yote na hakucheka mila za watu. Kisha akazisogeza mbele zile mbili zilizobaki. Zote zilikuwa masanduku ya macho mawili, jicho moja juu ya jingine, aina ile ambayo mpiga picha huishika kifuani, akafunua kifuniko cha juu na kuinamisha kichwa kutazama kwenye kioo kilichomo ndani. Jicho la juu ni la kutazamia, la chini ndilo linalopiga.

"Hizi unaziinamia," alisema Mzee Xaveri. "Mtu aliyeinama ana adabu kila mahali."

Moja ya zile mbili ilikuwa bado mpya mpya. Ngozi yake nyeusi haikuwa na mkwaruzo, na mfuko wake ulinukia kiatu cha Idi. Nyingine ilikuwa ya zamani, imetengenezwa Ujerumani kabla ya vita. Ngozi imebanduka, pembe moja imebonyea, na kitasa cha kuvutia filamu kililia kama mlango wa ghala. Kornelio alishaanza kuifunga mfukoni ile mpya.

"Ngoja kwanza," alisema Fakihi. "Mzee, niruhusu nifunge madirisha."

Mzee Xaveri alitabasamu chini ya masharubu. Fakihi akafunga madirisha yote na mlango, chumba kikawa na giza la ukumbi wa nyumba ya makuti wakati wa alasiri. Kwenye pembe ya mbali kulikuwa na ufagio umeegemezwa, ufagio uleule pengine aliofagilia alipokuwa kijana. Akafunua kamera mpya, akainama. Aliona giza, na ndani ya giza kitu kama doa, ambacho kingeweza kuwa ufagio na kingeweza kuwa mbuzi. Kioo chake kilikuwa kama maji ya kuoshea mchele.

Akachukua ile kuukuu, akainama tena.

Ufagio ulikuwemo. Ulikuwemo wote: njiti moja moja, kamba iliyoufunga, mpaka vumbi kwenye kamba. Ukuta nyuma yake ulikuwa na ufa mwembamba ambao kwa macho matupu hakuwa ameuona. Kioo kilikusanya mwanga kidogo uliopenya chini ya mlango kikautandaza wote mbele yake, angavu, kama vile mtu ameiwashia pembe ile taa. Akageuza kirungu cha kurekebishia, njiti zikafifia, akakirudisha, zikarudi. Hakuwa anafikiria ufagio.

"Kioo chake cha asili kilivunjika," alisema Mzee Xaveri gizani. "Nikaagiza kingine kutoka Mombasa, cha aina mpya, nikakitia mwenyewe. Mwili ni wa mzee, jicho la kijana."

"Likwata, usinitie aibu," Kornelio alisihi. "Mtu hatoki Kilangala mpaka Lindi akanunua jeneza la panya akaacha kitu kipya!"

"Wewe ukinunua kitenge unatazama nini, rangi au mfuko kilichofungiwa?"

Mzee Xaveri akafungua madirisha, akaifuta ile kamera kuukuu kwa kitambaa cha hariri, pole pole, kama mtu anayemwosha mtoto mara ya mwisho kabla ya kumpeleka kwa wenyewe. Akaongeza miguu mitatu ya kuisimamishia, bure. "Usisahau tu kwamba kioo hiki hugeuza mambo," alisema. "Wa kulia utamwona kushoto. Kichwa kitazoea, lakini si leo."

Hakikuzoea leo wala kesho. Fakihi alimfunga mbuzi uani akajifunzia kwake. Mbuzi akienda kulia, kwenye kioo anakwenda kushoto. Fakihi anamfuata, mbuzi anatoweka. Anarudi, mbuzi amekwenda kwingine. Wapita njia walisimama uani wakidhani ni ngoma mpya imetoka Lindi. Somoe, binti yake, alicheka mpaka akakaa chini. Hata hivyo ilipofika wakati wa kuokota korosho Fakihi na mbuzi walikuwa wameelewana.

Ikabaki kumwomba Bi Mboni. Mwanasha ndiye aliyekwenda, na Fakihi akakaa nje nyuma ya ukuta, akisuka kamba ambayo hakuihitaji.

"Picha ya nini?" sauti ya Bi Mboni ilisema ndani. "Mtanitundika ukutani, nianze kumkodolea macho mkwe wangu kila akikata tonge? Mtu ale mbele ya mkwewe mchana na usiku, kwa kosa gani?"

"Nitakufunika, mama. Wakati wa kula nitakufunika kwa kitambaa."

"Hm. Na mpigaji ni nani?"

"Baba Somoe."

Fakihi aliacha kamba. Alisikia kuku akiparura, na ungo ukiwekwa chini.

"Nimesikia amenunua sanduku la kuinamia," alisema Bi Mboni. "Linainamiwa kweli, au ni maneno ya Kornelio?"

"Linainamiwa, mama."

"Macho yanakuwa chini?"

"Chini kabisa. Anatazama ndani ya sanduku."

"Basi anatazama sanduku, hanitazami mimi. Sanduku si mkwe wangu." Akafikiri tena, kisha akasema kwa sauti kubwa kidogo, sauti iliyokusudiwa kupita ukutani, "Mwanasha, mwambie mume wako aje Ijumaa baada ya sala. Avae shati safi. Sitaki kupigwa picha na mtu mchafu."

"Mwanasha, mwambie mama nimesikia," Fakihi alijibu kutoka nje, na Mwanasha, aliyekuwa amesimama katikati ya hao wawili maisha yake yote ya ndoa, hakujua acheke au alie.

Ijumaa ikafika. Nusu ya nyumba za bondeni zilikuwa zimekwisha kuvuliwa makuti, na nguzo zao zimepelekwa barabarani. Ya Bi Mboni ilikuwa bado nzima. Ndani ya ukumbi mlikuwa na giza la baridi, harufu ya moshi na mpunga, na mwanga mmoja tu uliotoka mlangoni. Fakihi aliingia kinyumenyume, shati jeupe limepigwa pasi ya mkaa, akasimamisha miguu mitatu, akaifunga kamera juu yake, vyote hivyo akiwa amempa mkwe mgongo. Kisha akafunua kifuniko, akainamisha kichwa, na pole pole, kichwa kikiwa chini vilevile, akaizungusha kamera kuelekea ndani.

Mlango ukapita kwenye kioo, kisha mtungi, kisha nguzo, kisha akaja mwanamke.

Alikuwa amekaa mkekani, kanga mpya ya Idi mabegani. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko sauti yake. Paji lilikuwa pana, na chini yake nyusi zilizonyooka, zilezile za Mwanasha. Na kidevu, Mungu ni mkubwa, kilikuwa cha Somoe, na kile kishimo chake cha pembeni ambacho Fakihi siku zote alidhani mtoto amekitoa kwa shangazi zake. Jicho moja lilikuwa jeupe. La pili lilikuwa linaitazama kamera bila woga. Miaka yote hiyo alikuwa anaishi na uso huu vipande vipande, mezani kwake na mlangoni kwake, hajui kwamba ni mmoja.

"Mwanasha," alisema, "mwambie mama asitikisike."

"Mwambie sijatikisika tangu jana."

Fakihi alibana pumzi, akafyatua. Akavuta filamu, kitasa kikalia, akafyatua tena. Yeye alijulikana kwa ubahili wa filamu. Maharusi wa Kilangala walipata picha moja na onyo. Siku hiyo alipiga mpaka Mwanasha akamtupia jicho.

"Mwanasha," alisema Bi Mboni. "Muulize. Mtu akiinama kwenye sanduku hilo, anaona nini?"

"Mwambie mama namwona yeye. Anaonekana kama yuko kwenye maji safi."

"Na mimi nikiinama?"

Bi Mboni alikuwa amekwisha kushika nguzo na kuinuka. "Jicho hili lililobaki halina siku nyingi," alisema, na sasa hakuwa anatania. "Wajukuu wangu nimewaona. Uhuru nimeuona. Mwanamume aliyeniezekea paa sikumwona. Mwambie atoke akasimame juani, halafu wewe Mwanasha nishike mkono unioneshe pa kuinamia."

Fakihi akaizungusha kamera ielekee mlangoni, akakiinua kile kioo kidogo cha kukuzia kilichomo ndani ya kifuniko, akatoka bila kugeuka mpaka katikati ya ua. Hapo akageuka, akasimama, macho yake chini. Jua lilimpiga usoni. Aliona miguu yake, na kuku, na ndani ya giza la mlango aliona kwa pembe ya jicho kanga mpya ikiinama pole pole juu ya sanduku la Mzee Xaveri. Mwanasha aligeuza kirungu kwa kubahatisha, mbele, nyuma, mbele.

"Hapo," alisema Bi Mboni. "Acha hapo."

Fakihi alisimama kama mtu anayepimwa koti. Ilimjia kwamba hakuwahi kufikiri kuwa naye ni uso ambao mtu fulani alikuwa anaukosa.

"Mwanasha," alisema Bi Mboni, kichwa bado kimeinama, "uliniambia ana kovu juu ya jicho la kushoto, alipoangukiwa na tawi la mkorosho. Mbona mimi naliona la kulia?"

"Kioo hicho hugeuza, mama," Fakihi alijibu. "Liko kushoto."

Maneno yalikwisha kutoka. Hayakupita kwa mtu. Mwanasha aliweka mkono mdomoni. Kuku waliendelea kuparura kana kwamba halijatokea jambo.

Bi Mboni hakuinua kichwa. "Una mvi," alisema. Alisema naye, si na Mwanasha. "Mimi nilimpokea kijana. Nimekuwa nikimpikia kijana samaki miaka yote hii, kumbe ana mvi." Sauti ile kavu ilipasuka, akalia, naye hakuficha, na machozi yalidondoka kwenye kioo. "Shamba langu ndilo limekuzeesha hivyo?"

"Hapana, mama. Ni umri tu."

Akanyoosha shati lake jeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Kisha, baada ya kupenga kamasi kwa ncha ya kanga mpya, "Sasa nibonyeze wapi?"

Alibonyeza. Picha ile ilipokuja kusafishwa ilitoka imelala upande, Fakihi amekatwa utosi na miguu, ameshika mikono kama mshitakiwa, nyuma yake kuku mmoja na nusu. Bi Mboni aliitundika kwenye nyumba mpya ya barabarani, mstari wa pili kutoka kwenye bomba. Mwaka uliofuata jicho la kulia nalo lilifunga. Wageni walipomwambia kwamba bibi, picha yako hii imekaa upande, aliwajibu kwamba wao wanaiona picha, yeye alimwona mtu.

Msije mkadhani mila ilivunjwa. Fakihi aliendelea kumpisha njiani na kugeuzia uso vichakani, hata alipojua kwamba yeye haoni tena. Ila sasa alijua anampisha nani, na wachuuzi wa chumvi walipita kwa amani. Na kabla hajageuka alisema shikamoo, naye aliitikiwa.

Picha ya Bi Mboni waliitundika kwa Fakihi jioni ileile ilipotoka Lindi kwenye fremu. Mwanasha alipakua ugali, akaweka samaki, akaleta maji ya kunawa. Halafu, kama alivyoahidi, akaenda kabatini akachukua kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe kwa ajili hiyo, akanyoosha mkono kuifunika.

Fakihi alikuwa amekwisha kumega tonge. Alitazama juu, moja kwa moja, kwenye paji lile pana na kidevu cha binti yake.

"Acha, Mama Somoe," alisema. "Tumekwisha kusalimiana."